Mwanasesere asiye na meza

Leo shuleni kwa mjukuu wangu nimeambiwa mwanasesere wangu hana kabila!

Walitutaka tulete zawadi za kazi za mikono za makabila mbalimbali, watoto wachague. Jambo zuri kabisa. Nikatengeneza mwanasesere kama tulivyokuwa tukitengeneza utotoni Kang'ata, enzi zile za kijiji cha ujamaa.

Mwili wa gunzi la mahindi, alivyonifundisha bibi yangu Mzigua.

Nywele za katani, alivyotuonyesha jirani yetu Mnyamwezi aliyetoka mashamba ya mkonge.

Shanga za shingoni, kwa mtindo wa mama wa Kimasai aliyekuwa akituletea maziwa.

Nafika, nakuta meza zimepangwa. Wazigua hapa, Wasambaa pale, Wamasai kule.

"Shikamoo bibi. Huyu wa kabila gani?"

Nikaitika marahaba, nikamweleza mwalimu yote hayo.

Akacheka. "Basi huyu hana meza, bibi." Akamtupa kwenye kona ya mafagio! Mjukuu wangu Rehema anaona!

Jamani! Mwalimu huyu namjua tangu anabebwa mgongoni hapa Masuguru. Baba yake Mngoni, mama yake Msambaa!

Nikamwokota mwanasesere wangu, nikamfuta vumbi, nikamuuliza mwalimu mbele ya wazazi wote:

"Na wewe, mwanangu, tukuweke meza ipi? Au nawe tukutupe kwenye mafagio?"

Nyie mngemweka wapi mwalimu huyu?