Pambano Lililokuwa na Mkono Wangu

Mdogo wangu Bernadeta Nandonde amepanda ulingoni mara kumi na tisa, zote ngumi za ridhaa, zile za kugombea medali na cheti. Ameshinda mara kumi na sita na kushindwa mara tatu. Mara mbili alishindwa kihalali na mabondia waliomzidi. Mara moja pana mkono wangu. Watu wa Newala wakimsimulia hupenda kuanzia kwenye medali. Mimi naanzia kwenye wivu, kwa sababu mwenye wivu nilikuwa mimi.

Naitwa Nicholaus, fundi seremala, natengeneza vitanda na milango karibu na soko. Zamani nilikuwa bondia. Mapambano kumi na moja, ushindi mara nne. Mara moja niliingia timu ya mkoa kama mchezaji wa akiba, nikakaa Mtwara siku tano nikiwashikia wenzangu ndoo na taulo, na kati yao hakuna aliyeugua hata mafua ili nipate nafasi. Nilirudi na fulana ya timu. Niliivaa mpaka ikatoboka makwapani.

Mwalimu wetu wa ngumi alikuwa Isaka, mtu wa Mara, aliyehamishiwa Newala kufundisha hisabati akaja na jozi mbili za glovu kwenye begi. Tulijaza mchanga na vitambaa kwenye gunia la korosho, tukalitundika nyuma ya shule. Siku moja mwaka 2018 Bernadeta alipita pale na ndoo yake kichwani, msichana wa miaka kumi na saba. Nikamwita, nikamvisha glovu, nikamwonyesha namna ya kusimama. Nilitaka kuwachekesha wenzangu. Hakuna aliyecheka. Konde la kwanza gunia lilirudi nyuma, la pili likamkuta anayelishikilia akakaa chini.

"Nicholaus, huyu anafanya mazoezi wapi?" Mwalimu Isaka aliuliza.

"Hafanyi popote," nikamjibu. "Anachota maji."

Ndivyo ilivyokuwa. Bomba la Newala likikauka, na hukauka sana, wanawake hushuka bondeni kwenye chemchemi na kupanda ule mteremko na lita ishirini kichwani. Bernadeta alianza kupanda nayo akiwa mtoto wa darasa la tatu. Shingo yake haikutikisika ukimpiga, na miguu yake ilifika raundi ya tatu kama ndiyo kwanza imeamka. Mimi kila alfajiri nilikimbia barabara ya Mkunya kutafuta pumzi, na nikirudi naoga maji niliyoyakuta kwenye pipa. Aliyeyaleta ni yeye. Kumbe uvivu wangu ndio ulikuwa unamtengeneza bondia, na mimi nikajiita mwalimu wake wa kwanza.

Kilichoniuma zaidi ni habari ya Mhungaria. Kwenye simu yangu nilikuwa na video ya zamani, isiyo na rangi, ya bondia mmoja wa ridhaa wa Hungaria ambaye jina lake hata kulitamka siwezi. Mtu mfupi, anayerudi nyuma hatua moja kama anaogopa, halafu konde la kushoto linatoka pembeni na mwenzake yuko chini. Nililitafuta lile konde miaka miwili. Nililifanyia mazoezi mbele ya kivuli changu, nikalikosa. Bernadeta aliazima simu akaitazama video mara mbili tu akiwa kwenye foleni ya maji. Jumamosi yake alimpiga nalo mvulana wa kilo sitini. Mwalimu Isaka alipiga makofi peke yake.

Basi akaanza kushinda. Alishinda Mtwara, akashinda Lindi, akashindwa na polisi mmoja wa Songea, akarudi na kushinda mara sita mfululizo. Asubuhi aliuza vitumbua, jioni alipiga gunia. Sokoni watu waliokuwa wakiniita bondia walianza kuniita kaka yake Bernadeta. Mteja anakuja kuangalia mlango wake, anasahau mlango, anauliza, "Lini anapanda tena?" Nilimjibu kwa tabasamu na kupiga misumari kwa hasira. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikaa pale pale nguoni mwake: kila pambano nilikuwa kwenye kona, namfuta jasho, namwambia inua mikono. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwomba Mwalimu Isaka anipishe.

Oktoba 2022 tulikwenda Masasi. Kati ya mabinti wa kilo hamsini na nne alitakiwa mmoja tu wa kuuwakilisha mkoa kwenye mashindano ya taifa Dar es Salaam. Walikuwa wamebaki wawili: Bernadeta na Happiness, binti wa Chiwata mwenye mikono mirefu. Ukumbi ulijaa, na watu wa Masasi hawaachi kututania kwa shida yetu ya maji.

"Newala! Mmekuja kupigana au kuoga?"

"Yote mawili!" Bernadeta akawajibu kutoka ulingoni, na ukumbi wa watu wa Happiness ukageuka kuwa wake. Mimi ukumbi haujawahi kunigeukia.

Raundi ya kwanza ilikuwa yake, na ya pili pia. Ya tatu, Happiness alimfikia puani, damu ikatoka. Damu ya kawaida. Mimi yangu imetoka mara ngapi? Bernadeta hakuyumba. Alirudi nyuma hatua moja, na nilijua kinachofuata kabla ya mtu yeyote mle ndani. Konde la kushoto lilitoka pembeni. Happiness akashika kamba, ukumbi ukasimama, na mdogo wangu alikuwa na sura ya mtu aliyekwisha kupanda basi la Dar es Salaam.

Nilikuwa nimeshika taulo. Sheria inasema mtu wa kona akiona bondia wake hawezi kuendelea, alirushe ndani na pambano limekwisha. Nililirusha.

Ukumbi ulizomea. Mwamuzi alinitazama, akatazama taulo, akawatenganisha. Hata Happiness alipoinuliwa mkono alikuwa anaangalia huku na huku kama mtu aliyekabidhiwa mzigo wa mwingine. Nje, mama yetu aliniangukia kifuani analia.

"Ahsante baba. Umeniokolea mtoto."

Mgeni asiyejua kwetu atashangaa kwa nini hakuna aliyenihoji. Sisi Wamakonde wa nyumba yetu tunahesabu ukoo kwa mama. Mlinzi wa dada ni kaka yake, na watoto wa dada wanamsikiliza mjomba kuliko hata baba yao. Mjomba wetu alikuwa amefariki, kwa hiyo sauti ya nyumba ilikuwa yangu. Kaka akisema basi, ni basi. Ukimwuliza kwa nini, umemvunjia heshima. Watu walikuja kunipa mkono. Wengine walileta kuku. Miaka yote niliyopigana sikuwahi kusifiwa hivyo, na nitasema ukweli: nilifurahi, nikamla kuku.

Aliyeuliza ni mmoja tu, Mwalimu Isaka, mtu wa Mara.

"Uliona nini, Nicholaus?"

"Niliona damu."

"Pua ile?" Aliondoka, na tangu hapo akawa anapita njia nyingine kwenda sokoni.

Bernadeta hakuuliza. Ningependa angeuliza, angenitukana, angenirushia ndoo. Wiki moja baadaye alikuja kwenye karakana na glovu zake amezifunga kwenye khanga, akaziweka juu ya ubao niliokuwa naupiga randa.

"Mimi sikuhisi kama nimeumia hivyo, kaka," alisema. "Lakini wewe unanijua kuliko ninavyojijua. Kama uliona siwezi, basi siwezi. Wape wengine."

Akaenda zake kuuza vitumbua. Glovu sikumpa mtu. Nilizificha chini ya mbao, na kila siku nikawa naziona.

Mwaka mzima hakugusa gunia. Watu waliacha kuuliza lini anapanda, wakarudi kuuliza milango yao. Hicho ndicho nilichokitaka, na sikukifaidi hata kidogo. Nilimwona anapita na vitumbua, mabega yameshuka, anatembea kama watu wengine. Mwenye wivu anadhani akimshusha mwenzake yeye atapanda. Mimi nilibaki pale pale, na sasa tukawa wawili chini.

Septemba 2023 Mwalimu Isaka alikwenda nyumbani kumbembeleza. Uteuzi ulikuwa mwezi unaofuata, Masasi tena. Jioni ile Bernadeta na mama walinifuata, nikawapa viti. Mama ndiye aliyeanza.

"Baba, mwalimu wake anamtaka. Huyu anasema hatakwenda mpaka wewe useme."

Bernadeta alikuwa anaangalia mikono yake. "Kaka, naweza?"

Ilikuwa rahisi kusema hapana. Mama angenishukuru tena. Rahisi zaidi ilikuwa kusema ndiyo na kuishia hapo, nikabaki kaka mwema mara mbili. Lakini alikuwa ameinua uso, ananitazama kama anayesubiri majibu ya hospitali, na moyo ukanishinda.

"Unaweza," nikasema. "Na siku ile ulikuwa unaweza."

Mama hakuelewa mara moja. Bernadeta alielewa. Nilimwona anarudi kule Masasi kichwani mwake, raundi ya tatu, anahesabu. Hakulia. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Pua ilikuwa pua tu?"

"Pua tu."

"Kwa hiyo uliniona nashinda."

Alisimama, akaniomba glovu, nikazitoa chini ya mbao. Alizipangusa vumbi la randa moja moja, akamwambia mama, "Kwenye kona atakaa Mwalimu."

Alishinda Masasi. Nilikuwa mle ukumbini, mstari wa nyuma, na wivu wangu nilikuwa nao, sikuuacha nyumbani. Alikwenda Dar es Salaam akarudi na shaba. Sasa anafundisha mabinti wanane nyuma ya shule, na bado anapanda ulingoni.

Hakunisema kwa mtu. Heshima yangu mtaani ameiacha kama alivyoikuta. Kila asubuhi anapita na vitumbua mbele ya karakana, anasimama, anapiga goti kidogo kama binti aliyelelewa. Zamani salamu yake iliishia na neno kaka. Nina mtoto wa kike, Furaha, na kwa jina lake majirani wote huniita, hata muuza mkaa.

"Shikamoo, Baba Furaha," anasema mdogo wangu, na kuendelea na safari yake.