Nilikula Sufuria Nzima ya Uyoga Mbele ya Mama Mkwe

"Amemlisha mwanangu sumu!"

Yowe la mama mkwe hilo. Mtaa wa Mlandege ukajaa uani kwetu.

Nina miaka themanini na kitu, mjukuu ndiye anayebonyeza simu kuniandikia haya. Lakini yowe lile bado nalisikia.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Iringa ya Mwingereza. Mimi Tekla, Mhehe wa Idodi, nimeolewa na Halfani, mtoto wa wafanyabiashara kutoka pwani. Mvua za kwanza zikanyesha, nikaenda porini kutafuta uyoga. Kwetu bi harusi asiyepika uyoga wa mvua za kwanza anaitwa mvivu.

Mama mkwe, Bi Mwanakhamisi, alinikuta nausafisha. Nilipouvunja ukatoa maziwa meupe. Kwao pwani kinachotoa maziwa hivyo ni mnyaa, mti ambao utomvu wake hupofusha macho. Akaguna tu.

Mchana nikampelekea Halfani bakuli lake chumbani. Alasiri akaanza kutapika.

"Toka! Leo hii urudi kwenu, mchawi wewe!"

"Sitoki, mama. Kwa jina hilo sitoki ng'o!"

Nikainua uyoga mbichi mmoja.

"Tazameni. Unaoua una pete shingoni na mfuko shinani. Huu hauna. Huu ukiukwaruza, maziwa!"

Nikaukwaruza. Yakadondoka, yakaanza kugeuka kahawia. Nikayalamba.

Kisha nikavuta sufuria, nikakaa chini katikati ya ua, nikala. Hasira inaniliza huku natafuna. Nikakomba mpaka mchuzi. Wakanisubiri nife.

Jua likazama, niko palepale, mzima.

Bi Mwanakhamisi akaingia chumbani kumpa mwanawe uji. Akatoka na bakuli langu. Lilikuwa chini ya kitanda, limefunikwa kawa, halijaguswa.

"Halfani! Kumbe hukula?"

"Niliogopa yale maziwa, mama. Nilikula samaki kwa rafiki yangu, nadhani ndiye aliyenidhuru."

Jamani! Mume wangu amelala anasikia naitwa mchawi, na bakuli liko chini yake. Kanyamaza!

Bi Mwanakhamisi akanishika mikono. "Mwanangu, nisamehe. Usiondoke."

"Wewe nimekusamehe, mama. Yeye anipe talaka yangu."

Nikarudi Idodi kichwa juu. Na kila mvua zikianza, Bi Mwanakhamisi alituma mtu kwangu kuomba uyoga wa maziwa. Nilimpa.

Mabinti, mume akiogopa chakula chako, utamzoesha. Akinyamaza ukisingiziwa, na ukweli anao yeye, beba kapu lako uende.