Hiti Moja ya Awamu ya Tisa

Sikumsamehe, na sina mpango. Watu wa klabu waliponiona narudi kila Jumamosi na kitabu changu cha alama, walidhani yamekwisha. Yalikuwa hayajaanza.

Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Tanga. Kibanda changu kiko Kensington, barabara kuu, ubavuni mwa saluni ya mama mmoja Mkongo. Besiboli niliijua kupitia suruali zilizochanika magotini. Klabu ya jirani ilikuwa ikiniletea nguo za wachezaji nizishone, nazirudisha uwanjani siku ya mechi, nakaa kidogo, naangalia. Bibi aliyekuwa akiwaandikia alama kwa miaka mingi macho yalikuwa yanamwishia, akaona mimi nauliza maswali ya maana, akanifundisha.

Mwandishi wa alama si karani tu. Mpigaji akiupiga mpira na kufika kituo cha kwanza salama, wewe ndiye unayeamua: ni hiti, yaani sifa yake mpigaji, au ni kosa la mlinzi aliyeboronga. Kipimo ni kimoja. Je, mlinzi wa kawaida, kwa juhudi za kawaida, angemtoa? Kama angemtoa, andika kosa. Refa hana la kusema hapo, wala kocha.

Sasa huyo bwana. Alikuwa mrushaji wetu, anakaribia miaka arobaini, bega limeanza kumsumbua. Ujanani alikwenda Marekani akacheza msimu mmoja wa kulipwa, ligi za chini huko, na siku moja alifika awamu ya tisa, ndiyo ya mwisho, bila kupigwa hiti hata moja. Akapigwa hapo hapo mwishoni. Msimu ulipokwisha wakamrudisha nyumbani, na tangu siku hiyo hana hadithi nyingine. Alikuwa akituhutubia kuhusu ligi kuu ya kule: zaidi ya karne wanacheza, na mechi kamilifu, ile ambayo wapigaji ishirini na saba wanakuja na wote ishirini na saba wanarudi kukaa, hazijafika hata thelathini. Mlinzi kuwatoa watu watatu peke yake kwa mpira mmoja, hiyo ni adimu zaidi. Mechi bila hiti, ambayo makosa ya walinzi hayaiharibu, ni nyingi kidogo, alisema, lakini wako warushaji wakubwa waliostaafu bila kuipata. Yeye alitaka moja tu, hata kwenye kiwanja chetu chenye vipara. Nilijua, kwa sababu kila ilipofika awamu ya tano alikuja kuchungulia kitabu changu.

Siku saa yake ya mkononi ilipopotea, alinijia moja kwa moja mezani, watu wote wanakunywa chai. Alisema ni mimi niliyepeleka jezi chumba cha kubadilishia nguo. Kisha akachukua mkoba wangu, akaumwaga. Futi kamba, tasbihi, nusu chapati, pedi zangu, vyote juu ya meza mbele ya wanaume. Wiki iliyofuata saa ilikuja kuonekana chini ya kiti cha gari lake mwenyewe. Alininyanyulia kidole gumba kwa mbali, akasema "Sharp," neno la huku la kusema poa, akaondoka.

Hayo ningeyameza. Lakini binti yangu wa miaka kumi na mmoja alikuwepo. Amezaliwa hapa, Kiswahili changu anakielewa chote ila hujibu kwa Kiingereza. Siku ile ya mkoba, njiani kurudi nyumbani, aliniuliza polepole kama niliichukua. Nikamwambia hapana. Akasema sawa, akageuza uso dirishani, na nikaona kabisa kwamba bado anafikiria.

"Yaya, ule muntu umuachie Mungu," jirani yangu wa saluni aliniambia; yaya kwao ni dada.

Nikamjibu kwamba Mungu ana kazi nyingi, hii nitamsaidia.

Nilisubiri miezi. Halafu ikaja Jumamosi moja, mkono wa yule bwana ulikuwa na baraka. Awamu ya sita, hakuna hiti. Ya saba, hakuna. Ya nane, wenzake wakaacha kumsemesha, maana kwenye besiboli mrushaji aliye katika hali hiyo haguswi wala hatajiwi jambo lenyewe, anaachwa akae peke yake benchini. Binti yangu alikuwa kando yangu na daftari lake, siku hizo naye alikuwa akijifunza kuandika alama. Awamu ya tisa wapigaji wawili wa kwanza walitolewa. Wa tatu akaupiga mpira wa chini, mlegevu, ukabiringika mpaka ndani ya glavu ya mlinzi wa kati. Ukamponyoka. Akauokota, ukamponyoka tena. Mkimbiaji alikuwa ameshafika.

Uwanja mzima ukanigeukia. Lilikuwa kosa, tena kosa la wazi, na binti yangu alikuwa ameshaliandika. Nikaandika hiti. Nikanyanyua kidole kimoja, ishara ya hiti, ili aliye kwenye ubao wa alama aone, na sikuwahi kusikia raha ya namna ile maishani. Mpigaji aliyefuata alitolewa, tukashinda, hakuna aliyeshangilia.

Kwa taratibu za ligi yetu, mwandishi anaweza kubadilisha uamuzi wake mpaka kitabu kipelekwe Jumatatu. Bwana yule alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Jumapili mchana alisimama mlangoni kwangu, kofia mkononi. Aliniita mama. Alisema ile siku ya saa alikosea sana, na kwamba jambo hilo limekuwa likimkera muda mrefu. Nikamwambia asinieleze mimi, amweleze huyu. Nikamwita binti yangu kutoka nyuma.

Alimgeukia. "Mama yako hakuiba saa yangu," akamwambia. "Ilikuwa garini. Nilimdhalilisha bure."

Kisha akanitazama. "Sasa?"

"Sasa nini? Ilikuwa hiti."

Nilimwangalia uso ukimshuka, na nikauangalia wote, sikuacha kitu. Alipoondoka nilirudi kwenye mashine nikaendelea na pindo langu. Kwa yule bwana sijutii hata leo.

Binti yangu hakwenda nyuma. Alilitoa daftari lake, akalifungua ukurasa wa jana, akauliza kama yeye ndiye aliyeona vibaya. Muda ulikuwepo. Kitabu kilikuwa bado mezani kwangu.

"Uliona vibaya, mwanangu," nikamwambia.

Hakusita hata kidogo. Alichukua kifutio, akafuta alichokiona kwa macho yake, akaandika cha kwangu.