Mechi Niliyomtangazia Baba

Kazi yangu hapa Mpanda ni kutafsiri sinema. Watu wamejaa bandani, kwenye runinga Mchina anafoka, na mimi na maiki yangu namfokea kwa Kiswahili. Kichina sijui hata salamu. Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nikikwama, na nakwama sana, napandisha sauti, naharakisha maneno, kisha naweka kicheko kidogo mwishoni. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Baba hakuipenda kazi hiyo. Presha ya macho ilikuwa imempofusha, akawa anaishi kwa redio kule Mwamkulu. Alisema mtangazaji wa mpira anamfaa kipofu kwa sababu anasema anachokiona, ila mimi nauza uongo tu. Iliniuma, siwezi kukataa.

Kisha tumbo lake likaanza kuvimba. Hospitali wakampima, wakatupatia barua ya majibu. Daktari aliniita pembeni: saratani ya ini, imeshasambaa, mrudishe nyumbani, na kama ana neno na watu wake aliseme mapema. Nje, kwenye benchi, baba akasema, "Nisomee." Nikamsomea: vidonda vya tumbo, kaandikiwa dawa, atapona taratibu.

Alifurahi mno. Alisema akipata nguvu atakwenda Litapunga kwa mdogo wake, ambaye walikuwa hawasemezani tangu walipogombania shamba la marehemu babu.

"Nilimdhulumu," aliniambia. "Ila nataka niende nikiwa mzima. Asije akadhani nimekuja kwa kuogopa kufa."

Kila wiki nilijiambia leo namwambia. Sikumwambia. Niliogopa, basi.

Wiki ya sita mvua ilitufungia ndani mchana kutwa, na betri za redio zilikuwa zimekwisha. Akaniambia nimtangazie mpira wowote. Kwenye simu nilikuwa na mchezo mmoja tu, niliouokota kwenye flashi ya sinema za vita: mechi ya besiboli ya Wamarekani, wachezaji wa kulipwa, ya zamani kabla ya Vita Kuu ya Pili. Picha haina rangi wala sauti. Sheria zake sizijui hadi leo.

"Jamaa mmoja anarusha kimpira, mwenzake anamsubiri na rungu."

"Rungu la nini tena? Wanataka kumpiga refa?"

Tulicheka. Nikamweleza kofia za watazamaji, vumbi, na mtu anayejitupa kwa tumbo ili ashike kitu kama kigunia. Baba alikuwa ameketi wima, jambo ambalo alikuwa hajalifanya kwa siku kadhaa. Akauliza kama hao wachezaji bado wapo. Nikasema watakuwa wameshakufa wote.

"Na hapo wanakimbia tu, hawajui," akasema.

Halafu picha ikakatika, mechi ikiwa katikati.

"Nani kashinda?"

Nikapandisha sauti. Wenye rungu wameshinda, uwanja mzima umesimama, mpigaji kabebwa juujuu! Nikaweka na kicheko.

Baba hakucheka. Aligeuza uso kuelekea sauti yangu.

"Hiyo sauti," akasema, "ndiyo uliyonisomea nayo ile barua."

Nilimwambia yote huku nalia. Hakunitukana, afadhali angenitukana. "Wiki sita," alisema. "Wakati ule nilikuwa bado natembea." Akaniagiza nimwite mdogo wake, nimwambie kwamba aliyekosa ni yeye baba, na shamba ni la mdogo.

Baba mdogo alifika kesho yake jioni kwa bodaboda, suruali imejaa tope. Baba alikuwa amepoteza fahamu tangu asubuhi, hajui nani kamshika mkono. Nikaufikisha ujumbe neno kwa neno, kwa sauti ya chini kabisa niliyo nayo.

Baba mdogo hakuuachia mkono wa baba.

"Kasema yeye," akaniuliza, "au umetafsiri wewe?"