Kalamu Iliyokimbia Mvua ya Kalemie

Mwanangu, ingawa si mimi niliyekuzaa, ipo Jumamosi moja ya majira ya baridi ambayo haijanitoka akilini. Nakusimulia wewe kabla ya wengine kwa kuwa umezaliwa hapa Johannesburg, na mara nyingi nimekusikia ukiwacheka wazazi wako kwa hofu zao.

Nilikuwa msichana wa chuo, nimetoka Tanga, nimepanga chumba mtaa wa Bertrams kwa Mama Béatrice, mshonaji kutoka Kongo. Marehemu mumewe alikuwa mkalimani huko Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, na daktari mmoja Mjapani aliyefanya naye kazi alimwachia zawadi ya kalamu ya wino. Sijapata kuona kitu kidogo chenye kina kama kile. Ilikuwa nyeusi, lakini si weusi wa plastiki. Ukiitazama, ungedhani unachungulia kisimani. Juu ya weusi huo alitua kereng'ende, mabawa yake yamepangwa kwa vipande vya gamba la chaza vyembamba kuliko ukucha, na mwili wake umenyunyiziwa vumbi la dhahabu. Ukiizungusha kidogo, mabawa yaligeuka kutoka kijani yakawa zambarau. Nilijiuliza ni mkono wa namna gani unaoweza kupanga vitu hivyo bila kutetemeka, na mpaka leo najiuliza.

Mama Béatrice hakumruhusu mtu kuishika. Aliiviringisha kwa nailoni, akaizungushia vile vipakiti vyeupe vya punje za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, akaiweka kwenye droo ya cherehani, pembeni mwa hita. Wauza viatu wa mtaa ule walijua kumwekea vipakiti, na mimi mwenyewe nilimletea. Wakongo wenzake walimtania kwamba anaipikia kalamu wali mkavu. Alicheka nao, kisha akaongeza vipakiti.

Binti yake, Clarisse, alikuwa karibu kuolewa, na alikuwa na ombi moja tu: atie sahihi cheti cha ndoa kwa kalamu ya baba yake, aliyefariki yeye akiwa mdogo mno kumkumbuka. Mama alikataa. Alisema siku hiyo ina watu wengi na mikono mingi. Clarisse alinuna, akaacha kuja kula nasi Jumapili.

Kisha asubuhi moja mama aliifungua ile nailoni, labda ili apime moyo wake, akakuta kipande kimoja cha bawa kimenyanyuka kama gamba la samaki linalotaka kubanduka. Alikaa chini. Aliniambia kwamba bawa likitoka, mengine yatafuata, na Clarisse hatabakiwa na chochote kilichopita mkononi mwa baba yake.

Ndiyo sababu Jumamosi ile tulikwenda Rosebank, kwenye duka la Mzee Pillay, Mhindi aliyeuza na kutengeneza kalamu. Aliitazama kwa lenzi muda mrefu. Nilitegemea aulize nani aliiangusha. Badala yake aliuliza kwa Kiingereza, nami nikatafsiri:

"Kabla ya kuja hapa, mama aliishi wapi?"

Mama alishangaa, lakini akajibu. Alimweleza Kalemie, mvua zake, ukungu ulioota kwenye kuta, namna ulivyokula vyeti vya mumewe, suti yake, hata picha za harusi. Katika vyote alivyoacha marehemu, kalamu peke yake ndiyo iliyosalimika, kwa kuwa aliikimbiza mbali na unyevu.

Mzee Pillay alisikiliza hadi mwisho. Ndipo akaeleza jambo ambalo sikulitegemea kabisa. Ule weusi ni laka, utomvu wa mti, uliopakwa tabaka juu ya tabaka. Nao haugandi kwa jua. Huganda kwa kuvuta unyevu wa hewani, na mafundi wa Japani huufungia katika kabati lenye hewa ya unyevu ili ukomae. Baridi ya hapa, inayotupasua midomo kila Juni, tayari ni kavu kupita kiasi. Hita na vile vipakiti vilikuwa vimeinyang'anya kalamu hata ule unyevu mdogo iliouhitaji, mpaka gamba likaachia.

"Ule baba anaona miye niko mutoto?" Mama Béatrice alininong'oneza. "Rangi gani inakauka na maji?"

Nikacheka kwa sauti, nikamwambia kwamba miaka yote hiyo amekuwa akiichoma kama muhogo. Mzee Pillay hakujua Kiswahili, lakini kicheko hakihitaji mkalimani. Alinitazama juu ya miwani yake.

"Binti, usimcheke. Ameikinga vizuri sana. Ni kwamba ameikinga dhidi ya mvua ya kule kwao."

Mzee alifungua kisanduku cha mbao chenye kitambaa chenye unyevu, akasema atalibandika bawa kwa tone la laka mpya, na kalamu italala humo majuma kadhaa. Mama aliingiza kidole, akakigusa kile kitambaa, akakitoa upesi. Alikuwa anaombwa akitie majini kitu pekee alichokiokoa majini. Aliikumbatia kalamu kifuani. Mwishowe aliuliza kama, ikishapona, mikono ya watu itaiharibu. Mzee akajibu kwamba mkono unaoiandikia kila siku una joto na unyevu kidogo, kwa hiyo unaifaa kuliko droo. Waikinge tu na jua la dirishani.

Mama akailaza mwenyewe kisandukuni, akafunga kifuniko mwenyewe. Tulipofika nyumbani, kabla hajavua koti, alimpigia simu Clarisse.

Siku ya harusi, Clarisse alitia sahihi kwa mkono uliokuwa ukitoka jasho, na alama za vidole vyake zikabaki juu ya laka. Aliona haya, akaifuta kwa pindo la shela, akanyoosha mkono kumrudishia mama yake. Mama alivikunja vidole vya binti yake juu ya ile kalamu.

"Baki nayo. Jasho yako ndiyo dawa yake."

Nasaha yangu basi ni hii, mwanangu. Hofu ya mzazi ina mahali ilipozaliwa. Kabla hujaicheka, muulize ilimpokonya nini huko alikotoka, umsikilize hadi mwisho. Ukishajua, mweleze kwa upole hewa ya hapa ilivyo, maana wewe umeivuta tangu utotoni na yeye bado anajifunza. Nawe ukija kuhamia mbali, nao vijana wa siku hizi hawakai, waulize wenyeji nini huharibu vitu kwao kabla hujaanza kukinga vyako. Mimi nami nina vipakiti vyangu, hofu nilizokuja nazo kutoka Tanga. Watoto wangu watakueleza.

Mola akujaalie subira ya kuuliza, akuzungushie watu wanaokulinda kwa kukujua, na kila kizuri utakachoachiwa kizidi kung'aa mikononi mwako. Amina.