Mji Haukuhama, Mkoa Ndio Uliobadilika

Leo nimeogopa kutaja mahali nilipozaliwa.

Nilimsindikiza mkwe wangu Wilner, Mhaiti, kuomba upya kibali cha kazi. Akikikosa, anafukuzwa kwenye ghala anakofanya kazi hapa Hyattsville, Marekani, na binti yangu ni mjamzito.

Afisa wa uhamiaji akalinganisha karatasi zake. Cheti cha zamani kinasema mkoa wa Grand'Anse. Pasipoti mpya inasema Nippes, na kompyuta inaonyesha herufi NI, alama ya mkoa huo.

"Kwani ulizaliwa mara mbili?"

Wilner akanigeukia, akaninong'oneza kwa Kifaransa: "Papa, mwambie."

Nikaeleza kwamba mji wake haukuhama. Serikali ya Haiti iligawa mkoa, upande wao ukapata jina jipya na herufi mpya.

Afisa akanitazama. "Unayajua sana, mzee. Na wewe ulizaliwa wapi?"

Kadi yangu ya kwetu Kongo inasema Katanga. Katanga nayo ilishagawanywa. Kalemie yetu sasa iko mkoa wa Tanganyika.

"Kalemie," nikasema, mkoa sikuutaja.

Hakuuliza zaidi. Amebaki na karatasi za Wilner, ati tutapigiwa.

Tangu turudi, simu ikilia hakuna anayetaka kuipokea.

Ninyi mliozaliwa katika mikoa isiyokuwepo tena, mkiulizwa hujibu nini?