Meno ya Chini ya Shangazi

Tulimwita Plasta kwa sababu hakutoka karakana hata siku moja bila unga mweupe wa plasta kwenye nyusi. Alitengeneza meno ya bandia katika chumba kidogo nyuma ya kliniki, na mikono yake ilikuwa na akili kuliko kichwa chake. Nasema kwa mapenzi. Tulikaa benchi moja la kazi miaka mingi.

Shangazi yake ndiye aliyemlea, na meno ya chini ya shangazi ndiyo kazi aliyojivunia kuliko zote. Daktari alipanda skrubu mbili kwenye mfupa wa taya, Plasta akatengeneza safu ya meno ya kubana juu yake. Kwa ndani aliweka vipete vya mpira, ili meno yacheze kidogo wakati wa kutafuna. Yakicheza, ufizi nao unabeba uzito. Yasipocheza, mzigo wote unaangukia skrubu, na mfupa unaozishika ndio unaoumia.

Shangazi hayo hayakumhusu. "Mwanangu, yanatikisika kama kiti kibovu," alilalamika kila walipoonana. "Mbegu za mapera zinaingia chini, nashindwa hata kucheka na wenzangu!"

Mchelea mwana kulia hulia yeye, walisema wahenga. Huyu wetu alimchelea shangazi. Jumapili moja, juu ya meza ya jikoni, bila kumwambia daktari, aling'oa vile vipete na kujaza plastiki ngumu mahali pake. Meno yakatulia kama yamepigiliwa misumari. Shangazi aling'ata muwa akapiga vigelegele, na mtaa mzima ukaambiwa kwamba mwanawe ana mikono ya dhahabu.

Miezi kadhaa baadaye shangazi alipokwenda kupimwa, picha ya eksirei ilionyesha weusi umezunguka skrubu ya kushoto. Mfupa ulikuwa umeshuka.

"Mama, husafishi," daktari alisema. "Uchafu ndio unaokula mfupa. Ukiendelea hivi, skrubu hii itatoka."

"Labda ni kweli, daktari," shangazi alijibu taratibu, macho chini. "Uzee huu. Nisamehe."

Plasta alikuwa amesimama mlangoni na trei yake. Alijua papo hapo. Akanyamaza, mjinga yule.

Basi shangazi akaanza kusugua. Alisugua asubuhi, alisugua baada ya chai, alisugua wageni wakiwa sebuleni. Kila Plasta alipokwenda kumjulia hali, alimkuta ameinama kwenye sinki, na povu lililotoka lilikuwa jekundu. "Nitamwambia kesho," alijiambia, na kesho ikazaa kesho nyingine. Pale benchi aliharibu kazi ambazo angezifanya amefumba macho, na nilipomuuliza ana nini alinifokea. Roho ilikuwa ikimsuta, na haki yake.

Siku ya kurudi kliniki, daktari aliinua picha mpya kwenye mwanga. Mfupa ulikuwa umeshuka zaidi. "Mama, mimi nilikuambia nini?" alianza kwa ukali, na shangazi akaanza tena kuomba msamaha.

Hapo Plasta alipiga moyo konde. "Daktari, sio yeye. Ni mimi. Nilitoa mipira nikaweka plastiki ngumu."

Daktari aliyatoa meno, akayageuza, akachungulia ndani, akapandwa na hasira, na siwezi kumlaumu. Aliagiza plastiki ichongwe siku hiyohiyo na vipete virudishwe. Mfupa ulioondoka haurudi, alisema, ila huenda uliobaki ukaishika ile skrubu.

Shangazi hakuwa akisikiliza habari za skrubu. "Kwa hiyo sio uchafu wangu?" aliuliza, mdomo wake mtupu ukiwa umeingia ndani.

"Sio, shangazi. Wewe ni msafi."

Alijifunika uso kwa mtandio akalia. Plasta alipiga magoti kando ya kiti, akaomba radhi, akasema aliogopa kumvunja moyo. Mimi nilitumwa pale kuchukua meno yale nikayachonge, na natamani wangemtuma mtu mwingine.

Alipotulia, shangazi alimshika kidevu, akamtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Mwanangu," alimuuliza, "kumbe siku zote zile ulikuwa umesimama pale, unaniangalia nikitoka damu?"